Digrii Sita

Muuguzi aliweka vichupa viwili vya chanjo ya pepopunda juu ya meza yangu ya kazi, akavuta kiti, akakaa. Alikuwa amevitikisa vyote viwili kwa pamoja nusu saa kabla. Kimoja kilikuwa bado cheupe kama maji ya mchele, juu mpaka chini. Cha pili kilikuwa kimejitenga: juu maji maangavu, chini chembechembe zimetuama kama maziwa yaliyokatika.

"Hii ya muzuri ilikuja jana na gari," alisema. "Hii ingine imetoka ndani ya friji yetu."

"Imeganda," nikasema.

"Imeganda. Na friji inasema digrii ine. Kila siku ine, tano, ine. Mi naandika tu."

Alikuwa na daftari lake mkononi. Alilifungua ili nione, ingawa sikumwomba. Asubuhi nne, jioni tano. Asubuhi nne, jioni nne. Kurasa nzima za mwandiko wake ulionyooka. Hakuna hata siku moja friji lilipokaribia kugandisha maji.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na mimi nilikuwa fundi wa depo ya chanjo ya Gisenyi. Depo ni neno kubwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na bati linalovuja, na katika chumba cha kati lilisimama friji refu lililotunza chanjo za vituo vyote vya afya vya milimani. Muuguzi ndiye aliyekuwa mtunzaji. Alikuwa mama wa makamo, ndugu zake nusu wakikaa Goma, ng'ambo ya mpaka, nusu upande huu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha pale mpakani. Changu nilikuja nacho kutoka Tanzania, nilikozaliwa na wazazi waliokimbilia huko, na nilikosomea ufundi wa redio na vyombo vya umeme. Mwanzoni kila nilipofungua mdomo alikuwa akicheka: "Fundi anasoma habari ya redio." Siku ile hakucheka.

Chanjo nyingi watu huziogopea joto. Hii ya pepopunda joto kidogo huivumilia, lakini ikiganda mara moja tu imekufa, na ukiiyeyusha inabaki maji ya kudunga watu bure. Ndiyo wanayodungwa akina mama wajawazito, ili mtoto asije akapatwa na ugonjwa huo kutokana na kidonda cha kitovu. Kwa hiyo friji lazima likae kati ya digrii mbili na nane, si chini, si juu. Mlinzi wa hilo hakuwa muuguzi wala mimi. Kilikuwa kibao cha kijani, kikubwa kama kiganja, chenye kompyuta ndogo ndani ya chipu moja nyeusi.

Kibao hicho kilikuja pamoja na friji, kama msaada, na mgeni aliyekifunga alikaa siku mbili akaondoka. Ndani ya friji kulikuwa na kidude kidogo kinachotoa volti, karibu tatu, kulingana na joto: joto likipanda digrii moja, volti inapanda sehemu kumi za elfu. Waya ulizileta volti hizo hadi kwenye kibao, na chipu ikazigeuza kuwa namba. Namba inaonekana kwa taa nyekundu, tunaisoma. Namba ikizidi saba, kibao kinawasha mashine ya baridi. Ikishuka hadi tatu, kinaizima. Basi. Kila kitu kilitegemea namba ile kuwa ya kweli.

Nilimwambia muuguzi, "Nipe siku mbili, mama."

Alihamishia chanjo zilizobaki kwenye masanduku ya barafu, na kazi ikaanza, yeye kubadilisha barafu asubuhi na jioni, mimi kuinamia kibao.

Nieleze kwanza nilivyokuwa nimechoka, si kwa kujitetea, ila kwa sababu uchovu ule ulikuwa sehemu ya kosa. Nilikaa Nengo, juu ya mji, na mama yangu mzazi, ambaye tangu turudi alikuwa hatembei vizuri. Kabla ya kazi nilichota maji, nikamwogesha, nikampikia uji. Kisha nikateremka mjini kwa miguu. Barabara ya Kanama ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kulingana na milio ya bunduki vilimani, na kila ilipofunguliwa tulipakia chanjo mbiombio kabla haijafungwa tena. Mbali na friji nilikuwa na mizani ya watoto, redio ya upepo ya kuitia vituo, jenereta. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilikuwa nikilala nimekaa.

Basi nilianzia pale fundi yeyote anapoanzia. Chipu hugeuza volti kuwa namba kwa kulinganisha na kipimo chake yenyewe, nacho ni umeme wa volti tano unaokilisha kibao. Ni kama muuza viazi na jiwe lake la mzani: jiwe likiwa na kasoro, kila kilo anayouza ina kasoro. Nikatoa mita yangu, ile ya njano niliyotoka nayo Mwanza, nikagusisha ncha zake mbili. Volti tano nukta sita.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, kama mtu aliyemkamata mwizi mlangoni. Nikamwita muuguzi nikamwonyesha.

"Hiki kipuri ndicho kinachosawazisha umeme. Kimechoka. Kinatoa zaidi ya tano."

"Donc tunabadilisha, inaisha?"

"Inaisha."

Gisenyi kipuri hicho hakikuwepo. Nilivuka kwa mpaka mdogo, ule wa waendao kwa miguu, asubuhi pamoja na akina mama wenye beseni za sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani, nikazunguka Goma mpaka nikampata mtengeneza redio mmoja aliyekuwa nacho ndani ya kopo la maziwa, kimechanganyika na misumari. Nikarudi, nikalehemu, nikapima. Tano nukta sita.

Nikakaa nikiiangalia ile namba. Nikafikiri labda nacho ni kibovu, kimetoka kwenye kopo la misumari. Kesho yake nikavuka tena. Kipuri kingine. Tano nukta sita.

Hapo ningekaa chini na kalamu dakika tano tu. Ningeandika hesabu, na hesabu ingenikatalia papo hapo: kipimo cha chipu kikizidi, namba inashuka, haipandi. Na friji letu lilikuwa likionyesha namba ya juu kuliko baridi yenyewe. Tena kwa volti zile kosa lingekuwa karibu digrii thelathini, mtoto wa shule angeliona. Nilijua hayo yote. Nilikuwa nimeyafundishwa na nikayafaulu. Lakini sikuchukua kalamu. Nilikuwa nimeshamkamata mwizi wangu, na mtu aliyechoka hapendi kumwachia mwizi aende akatafute mwingine.

Siku ya nne muuguzi alikuja na redio yake ndogo. Alikuwa ametia betri mpya na haikuzungumza.

"Nipimie hizi ma-betri, dada. Yule muchuuzi wa sokoni ni mwongo."

Nikapima. Betri mpya ya volti moja na nusu ilinisomea moja nukta nane. Nikapima ya pili. Moja nukta nane. Nikachukua kuukuu kutoka kwenye tochi yangu, ambayo taa yake ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Hata hiyo mita ikaniambia ina afya njema.

Niliiweka mita chini taratibu. Mita nayo ina chipu ndani, nayo inalinganisha na kipimo chake, na kipimo chake kinalishwa na betri ndogo ya mraba iliyo tumboni. Betri hiyo ikizeeka, mita inaona kila kitu duniani kimeongezeka. Huwa inaonya kwa alama ndogo pembeni mwa kioo, lakini kioo changu kilikuwa kimepasuka pembe hiyo tangu safarini na nilikuwa nimebandika utepe wa karatasi juu ya ufa.

"Kuna nini?" muuguzi akauliza.

"Betri zako ni nzima, mama. Mita yangu ndiyo mbovu."

"Na ile kipuri ya friji?"

"Kilikuwa kizima. Vyote vitatu vilikuwa vizima."

Nilingoja anigombeze, ingenisaidia. Badala yake alisema, "Bon. Kula kwanza," akanikatia nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Redio yake, kumbe, ilikuwa na betri moja iliyogeuzwa kichwa chini.

Betri ya mraba nilikuja kuipata kwa fundi saa karibu na soko. Mita ikasoma volti tano kamili, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimerudi nilipoanzia, siku nne zimekwenda, na vidole vimeungua kwa kulehemu. Nikaazima kipimajoto cha kioo hospitalini, nikakitia ndani ya friji tupu, nikawasha kila kitu na kungoja. Kioo kikaonyesha digrii mbili chini ya sifuri. Kibao kikaonyesha nne. Digrii sita za uongo, wala hazikutikisika. Asubuhi sita, mchana sita.

Kibao kilikuwa ofisini kwa muuguzi, ukutani mbele ya meza yake, na friji likiwa chumba cha pili. Nilikaa kwenye kiti chake nikizikodolea macho namba nyekundu. Yeye alikuwa kule ndani akifuta rafu za friji kwa kitambaa, mlango wazi, akinung'unika kuhusu upepo. Ndani ya friji kulikuwa na feni ndogo, kubwa kama viberiti viwili vilivyopangwa pamoja, ya kusambaza baridi, na ilikuwa inampuliza machoni.

Ghafla namba ikaruka. Haikushuka polepole kama joto linavyoshuka. Ilikuwa nne, ikawa mbili chini ya sifuri, papo hapo, kama mtu aliyeteleza ngazi.

"Mama!" nikaita. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kintu!"

"Umegusa nini?"

"Nimezima tu kale kavantilateri. Kananipiga ku macho."

"Kawashe."

Akawasha. Nne.

"Kazime."

Mbili chini ya sifuri.

"Tena."

Tulifanya hivyo mara saba au nane, yeye kule mimi huku, tukiitana kupitia ukutani, na kila mara namba ilipanda na kushuka zile zile digrii sita. Feni haikuwa inapasha joto. Feni ilikuwa inasema uongo, au tuseme ilikuwa inautia uongo katika kinywa cha mwingine.

Nilichukua mita, nikairefushia waya wake, nikagusisha ncha moja kwenye kibao na nyingine mwisho wa waya kule kwenye friji, waya ule wa kurudishia umeme, ambao ukiupima hivyo unapaswa kukupa sifuri. Ulinipa sehemu sitini za elfu. Kwa kidude chetu, sitini ni digrii sita.

Ilikuwa rahisi hivyo. Kidude cha joto na feni vilikuwa vikirudisha umeme wao kwa waya mmoja. Kama waya ni mnene, hakuna tatizo. Kama ni mwembamba, umeme wa feni unasongamana humo, na msongamano huo unajiongeza juu ya volti za kidude. Chipu haina namna ya kujua. Inahesabu yote kuwa joto. Ikidhani friji lina joto, inaendelea kuligandisha.

Sikuhitaji kuufuata waya kwa mkono ili kujua ulikuwa mwembamba. Lakini niliufuata, kutoka kwenye friji, kupitia tundu la ukuta, mpaka pale kebo nene ya kiwandani ilipokoma na waya wa simu ulipoanza. Maungio yalikuwa yamezungushiwa utepe mweusi wa gundi vizuri sana, mizunguko sawasawa, ncha imekunjwa ili isibanduke. Ni mimi ninayekunja ncha hivyo. Hakuna mwingine Gisenyi niliyemwona akifanya.

Miezi mitatu nyuma, mvua ilipovujia ukuta wa chumba cha friji, niliona kibao kitalowa. Nikakihamishia ofisini. Kebo ilikuwa fupi, nikaongeza mita nane za waya wa simu, kwa kuwa ndio uliokuwepo. Siku hiyo friji lilikuwa tupu na wazi na feni nimeichomoa. Nilipima kwa kipimajoto cha kioo, namba zikalingana, nikachomeka feni, nikafunga mlango. Muuguzi alinisifu. Alisema sasa ataisoma namba bila kuinuka kitini.

Nilirudi ofisini. Alikuwa amekaa, anakausha mikono kwa upande wa kitenge.

"Nimeipata," nikasema. "Ni ule waya niliouongeza. Ni mimi, mama. Tangu siku ile nilipohamisha kibao."

"We ndiye?"

"Mimi."

Nje lori lilipita likitikisa madirisha. Muuguzi akavuta droo ya meza, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua. Ndani kulikuwa na vipande vya kioo.

"Hii termometa yetu ilianguka juma lile lile," alisema. "Mi ndiye niliiangusha. Nikajiambia, namba nyekundu iko, ya nini kuomba ingine? Kila siku asubuhi mukono yangu ilikuwa inauma na baridi ya ile friji. Ilikuwa inauma kabisa. Na mi naandika ine."

Tulikaa pale, watu wazima wawili, tukiangalia vile vioo.

"Sasa tutaambia bamama nini?" akauliza.

Aliandika ripoti mwenyewe, mchana ule ule, akataja waya na akataja kipimajoto. Mkubwa wetu alisoma, akaandika tuteketeze zilizobaki na turudie waliochanjwa. Nilingoja maneno mengine, ya kunifukuza au ya kunionya, hayakuja. Watu walikuwa wachache na kazi nyingi. Nilinunua kebo nene, nikatenganisha njia ya feni na njia ya kidude kila moja na waya wake, nikapima feni ikiwaka na ikizimwa, mlango wazi na mlango umefungwa, siku tatu mfululizo. Kioo na namba vilikubaliana. Sikuona furaha yoyote.

Juma lililofuata barabara ilifunguliwa, na muuguzi akasema nami niende Kanzenze, kule milimani. "We ukuje. Wakiuliza, we ndiye unajua."

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya kituo cha afya, kama thelathini hivi, wengine wametoka moja kwa moja shambani na udongo wa viazi miguuni. Muuguzi aliwaeleza kwa Kinyarwanda kwamba sindano waliyopewa haikuwa na madhara lakini pia haikuwa na nguvu, na kwamba ni lazima waanze upya. Kisha mmoja, tumbo lake limeshakuwa kubwa, akauliza bila hasira:

"Kwa hiyo ile mliyonidunga ilikuwa maji?"

"Ilikuwa kama maji," muuguzi akajibu.

"Nilitembea saa tatu kuja kudungwa maji?"

Muuguzi alianza kusema habari za mashine. Nikaona mwanamke yule anaangalia pembeni, kama mtu aliyekwisha kuambiwa habari za mashine mara nyingi, na za vita, na za mvua. Kinyarwanda changu wakati huo kilikuwa kibovu, cha mtoto aliyekisikia nyumbani tu. Nilisimama hata hivyo.

"Mashine niliiharibu mimi," nikasema. "Nilifunga waya usiofaa, na sikurudi kuipima."

Wakageuka kunitazama, mama mmoja mzee akacheka lafudhi yangu, na wachache wakacheka naye. Yule mwenye tumbo hakucheka. Alinipima toka kichwani hadi viatuni.

"Sasa umeipima?"

"Nimeipima."

"Mara ngapi?"

"Siku tatu."

Akafikiri kidogo, kisha akaupandisha mkono wa blauzi yake. "Haya. Dungeni, nina magugu yananingoja."

Kanzenze wengi walirudi. Kanama ilikuwa vigumu zaidi. Mara mbili tulifika kizuizini tukarudishwa, na mara ya tatu tulikuta nyumba kadhaa katika orodha yetu zimefungwa, wenyewe wamehama hakuna ajuaye wapi. Wengine walikuwa wameshajifungua. Muuguzi aliwatia alama kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, na hakunionyesha walikuwa wangapi, wala sikuuliza.

Nilichokuwa nikiuliza ni kingine. Mtoto mchanga mwenye pepopunda huacha kunyonya siku za mwanzo za uhai wake, taya zikikaza. Kila Jumatatu, nikienda kazini, nilipitia wodi ya watoto na kumuuliza muuguzi wa zamu kama ameletwa mtoto wa namna hiyo kutoka milimani. Kila mara aliniambia hapana. Lakini wote wawili tulijua kwamba kutoka milimani mwaka ule watoto wengi hawakuletwa popote. Nilipitia pale miezi mingi. Mwishowe yule muuguzi wa zamu alikuwa akiniona mlangoni anatikisa tu kichwa kabla sijafungua mdomo, nami nikashukuru, nikaenda zangu.

Kisha mama yangu akazidiwa, ikanibidi nipite njia nyingine asubuhi kumfuatia dawa, na nikaacha kuuliza.